Kuhudhuria Sherehe za Kimila za Waswazi: Mwongozo kwa Mtanzania Anayehamia Eswatini

Mtu aliyekulia Dar es Salaam karibu na Wazaramo anajua kwamba katika kumcheza mwali kuna ngoma ya uwanjani inayotazamwa na kila apitaye, na kuna ya ndani ambayo kungwi haruhusu hata jirani aichungulie. Akihamia Mbabane au Manzini kwa kazi au masomo, aende na akili hiyo hiyo. Kabla ya kuuliza avae nini, aulize sherehe anayoalikwa inamruhusu mgeni afike wapi.

Umhlanga ndiyo iliyo wazi zaidi. Hufanyika mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba kwa muda wa siku nane, ambapo wasichana wasioolewa hukusanyika Ludzidzini, makao ya Mama wa Mfalme, wakaenda kukata matete na kurudi nayo ili ua wa makao hayo ukarabatiwe. Ngoma yenyewe ni ya siku ya sita na ya saba, na ya saba, ambayo Mfalme Mswati III huhudhuria, ni sikukuu ya taifa. Wasichana huvaa shanga na sketi fupi, na vifua vyao huwa wazi kama mila inavyotaka. Mabinti wa mfalme hutambulika kwa manyoya mekundu kichwani. Mgeni anayekodoa macho au kucheka chini kwa chini hujiaibisha mwenyewe. Picha ya uwanja mzima kwa kawaida haina ubishi, lakini picha ya msichana mmoja iombewe ruhusa kwanza, na kwa maoni yangu isisambazwe hata kama ruhusa imepatikana, kwa kuwa wengi wao ni watoto.

Incwala ni jambo zito zaidi, na hapo ndipo mgeni anapopaswa kuwa mwangalifu. Ni sherehe ya ufalme na ya malimbuko, inayofanyika Desemba au Januari, na tarehe zake hufuata mwezi: Incwala ndogo ya siku mbili hutangulia mwezi unapoandama, kisha Incwala kuu ya siku sita hufuata mwezi unapokuwa mpevu. Vijana wa kiume wasiooa hutembea mwendo mrefu kwenda kukata matawi ya mti uitwao lusekwane, na inaaminiwa kwamba tawi la kijana aliyevunja miiko kwa kulala na mke wa mtu litanyauka. Siku ya nne ndiyo kilele, mfalme anapoonja mazao mapya, na mgeni anaweza kutazama sehemu ya ngoma ya siku hiyo. Yanayofanyika ndani ya ua wa faragha wa mfalme hayamhusu. Simu ibaki mfukoni, kwa maana kupiga picha na kurekodi hakuruhusiwi. Nyimbo za Incwala haziimbwi nje ya msimu wake, kwa hiyo usimwombe mfanyakazi mwenzako akuimbie moja ofisini mwezi wa Mei. Siku ya tano ni ya utulivu na miiko, isiyofaa kupangiwa shughuli. Siku ya sita moto mkubwa huwashwa na mvua hutarajiwa iuzime, hivyo viatu vyako viwe vya kuvumilia tope.

Kuhusu mavazi, mwanamke avae sketi inayopita magoti na kufunika mabega, aache suruali nyumbani. Mwanamume avue kofia. Kitenge cha Kariakoo kinatosha kabisa. Ukinunua lihiya, yaani kitambaa chao cha kujifunga begani, na kikawa na picha ya mfalme, usikifunge kiunoni kabla ya kumuuliza mwenyeji. Kuukalia uso wa mfalme si jambo la kujaribia.

Huenda mwaliko wako wa kwanza ukawa wa umtsimba, harusi ya kimila, nyumbani kwa mwenzako. Wasalimie waliopo kwa kusema “Sanibonani”, umwite mama wa makamo “Make” na baba “Babe”, na upokee chakula kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushikilia. Usiingie katika sibaya, zizi la ng'ombe, mpaka uambiwe, kwani ndipo familia inapozungumza na wahenga wake. Zawadi gani inafaa, muulize aliyekualika.

Siasa usizianzishe wewe. Vyama vya siasa vimepigwa marufuku tangu 1973, na hujui anayekaa karibu nawe ana msimamo gani.

Mwisho, beba noti ndogo ndogo za emalangeni, au za randi ya Afrika Kusini ambazo hupokelewa kwa thamani ile ile, na ukubaliane mapema na mwenyeji namna ya kurudi, maana ngoma ya Ludzidzini ikimalizika kila mtu hutafuta kombi kwa wakati mmoja.