Kabla ujitolee kujaribiwa dawa ya dengue, peleka fomu nyumbani

Mtu akiskia kuna utafiti wa dawa ya dengue (homa ya kirusi kinacholetwa na mbu) na nauli inarudishwa anakimbia kusaini, na siwezi cheka mtu juu mimi mara ya kwanza kujitolea hapa Nairobi (haikuwa dengue) nilisaini fomu ya kurasa 14 nikiwa nimesimama kwa koridoo, mgongo wa jamaa aliye mbele yangu ndio meza. Nesi alipofungua chupa ya sita ya damu ndio nikauliza, kwani ni ngapi? Akanifungulia ukurasa wa 5, imeandikwa wazi kabisa.

Kwa hivyo omba fomu uende nayo nyumbani. Wakikataa, shika matatu urudi zako.

Ukiisoma, tafuta kwanza kama utameza dawa tu ama utadungwa na kirusi pia. Hizo ni vitu mbili tofauti sana. Kumeza tu ni wanaanza na dozi ndogo wanapandisha polepole waone mwili unavumilia aje. Ya kudungwa ni kama ile walifanya Baltimore, Marekani, na dawa inaitwa mosnodenvir: watu 31 wenye afya, wakaanza kumeza siku 5 kabla, halafu wakadungwa dengue iliyopunguzwa makali. Kati ya 10 waliopewa dozi kubwa, 6 hawakupatikana na kirusi kwa damu, na waliopewa kidonge bandia walipatikana nacho wote. Matokeo yalitoka 2023, lakini 2024 kampuni ya hiyo dawa, Johnson & Johnson wakasimamisha jaribio lililofuata wakisema wanapanga upya vipaumbele vyao. Sasa uliza na wewe, mkisimamisha katikati, nani ataendelea kunipima?

Hapa kwa dengue ndio usiharakishe. Dengue ziko aina nne, ukipata moja mwili unaikumbuka hiyo moja, lakini ukikuja kupata aina ingine baadaye inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Kama uliishi Mombasa ama ulikuwa huko mlipuko ukitokea, ukalala na homa na maumivu ya mifupa na malaria haikuonekana, sema! Usifiche ati wasikutoe kwa listi, hata hivyo watapima damu. Na kama wewe ni wa kwenda kwa shangazi Likoni kila Disemba, uliza daktari hiyo safari itakuwa aje baada ya kudungwa, juu mbu wa dengue anauma mchana na neti ya usiku haimzuii.

Idhini ni rahisi kuangalia: fomu iwe na namba ya kamati ya maadili na simu yao, na dawa yenyewe iwe imepitia Bodi ya Dawa na Sumu. Pigia kamati, wanashika. Uliza bima pia, ukiumia nani analipa hospitali.

Usiingie tafiti mbili kwa wakati mmoja hata kama rent imefika, dawa zinaweza kugongana ndani yako. Na usijitibu kimyakimya: ukiskia homa pigia daktari wa utafiti, aspirin na ibuprofen usiguse, juu zikikutana na dengue zinaweza kukuletea kutokwa na damu.

Unaweza toka siku yoyote bila kueleza mtu sababu. Ila kama ushadungwa, rudi kwa zile siku za kupimwa hata kama dawa umeacha.