Kusikilizana kwa njia ya mfupa gatini na kiwandani

Msimu wa korosho ukipamba moto, kazi katika bandari ya Mtwara hufanyika katikati ya ngurumo za kreni, malori na jenereta, na aliye karibu na mzigo hana budi kumsikia anayeuongoza. Nilimwona mfanyakazi mmoja aliyechomoa kizibo cha sikio kila redio ya upepo ilipoita, hata kufikia mchana kizibo kikawa kinaning'inia begani kwa kamba yake, naye yumo ndani ya kelele ile ile. Kifaa cha kusikilizia kwa njia ya mfupa kinaondoa haja ya kuchomoa, mradi kivaliwe ipasavyo.

Ziba masikio kwa vidole, fumba mdomo, kisha vuta sauti ya "mmm". Utaisikia nzito kuliko kawaida ingawa njia ya hewa umeifunga, kwa sababu mtetemo wa sauti yako hupita kwenye mifupa ya fuvu, na ule unaotikisa kuta za kitundu cha sikio kilichozibwa hunaswa humo badala ya kutoka nje. Kifaa hiki hufuata njia hiyo hiyo ya mfupa: hukaa nje ya kitundu cha sikio na kuutetemesha mfupa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: kifaa hakikingi sikio. Kikivaliwa peke yake huacha kitundu wazi, na ukiongeza sauti ili kushindana na mashine unaliumiza sikio la ndani lile lile. Kiwango kinachotumiwa sana cha usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu. Kwa hiyo anza na vizibo.

Nawa mikono kwanza, hasa ukitoka kubangua, kwani mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Sokota kizibo cha sponji kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma kidogo, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole takribani sekunde 30 hadi kitanuke. Ndipo uweke kifaa kwenye mfupa ulio mbele ya kitundu cha sikio, kikigusa ngozi tupu na si nywele wala mtandio. Kisogeze kidogo kidogo hadi sauti ikolee; masikio yaliyozibwa huifanya iwe nene zaidi, hivyo huhitaji kuipandisha sana. Vikinga masikio vya vikombe sivipendekezi hapa, kwa kuwa mkono wa kifaa ukipita chini ya kikombe huacha upenyo wa kelele.

Kabla ya kununua, uliza kuhusu kipaza sauti. Vifaa vingi vya kusikilizia muziki hupeleka sauti kwa mfupa lakini hupokea yako kwa hewa, na mwenzako atasikia kreni badala yako. Tafuta chenye kipaza sauti kinachokaa karibu na midomo na kupunguza kelele, au kinachochukua mtetemo wa mfupa wenyewe. Hiki cha pili hudhoofisha sauti nyembamba za juu kama za "f" na "sh", kwa hiyo "fika" na "shika" zinaweza kufanana. Kubalianeni maneno yasiyokaribiana, kwa mfano "inua", "teremsha" na "simama", na kila agizo lirudiwe na aliyelipokea.

Fanyeni jaribio mashine zikiwa zinanguruma, kabla mzigo haujanyanyuliwa. Jioni futa jasho na chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi, na ukaushe sehemu za kuchajia kabla ya kuchomeka waya.