Kuchukua nguzo ya tope mahali rafu ya barafu ilipovunjika

Larsen B, rafu ya barafu (bamba nene la barafu lililoshikamana na nchi kavu na kuelea baharini) upande wa mashariki wa Rasi ya Antaktika, ilisambaratika mwanzoni mwa 2002: takriban kilomita za mraba 3,250 zilikwenda ndani ya wiki chache. Satelaiti ziliona. Lakini kujua kama rafu iliwahi kuvunjika maelfu ya miaka nyuma, kunahitaji tope la sakafu ya bahari. Chini ya rafu ni giza, kwa hiyo tope lake huwa na diatomu chache, yaani mwani mdogo sana unaohitaji mwanga. Bahari ikiwa wazi, huongezeka sana. Angalizo: mikondo huweza kuzisukuma diatomu hadi chini ya rafu, basi usiamue kwa dalili hiyo peke yake.

Anza na sona (chombo cha kupima kwa mawimbi ya sauti) ya miale mingi ili kuchora sakafu, kisha ile ya kupenya tope. Tafuta bonde lenye matabaka yaliyolala sambamba. Miinukoni siwa barafu, yaani milima ya barafu inayoelea, hukwaruza sakafu na kuchanganya tope la zamani na jipya; hapo usipoteze muda wa meli.

Shusha bomba la uzito, lile linalozama kwenye tope kwa uzito wake na kutoka na nguzo ya tope ndani, hadi mita 10 au 20 juu ya sakafu, kisha subiri litulie. Endelea kushusha, macho kwenye kipimo cha mvuto wa waya. Mvuto ukishuka ghafla, bomba limegusa: simamisha winchi papo hapo, maana waya ukilegea hujikunja, na ukivutwa tena unaweza kukatika. Ng'oa polepole sana, la sivyo matabaka yatavutika. Nahodha akisema siwa barafu inakuja, pandisha bila ubishi.

Tope likionekana hadi kwenye vyuma vya uzito, bomba limezama kupita kiasi na tabaka la juu limepotea, punguza uzito. Bomba tupu mara nyingi limegonga jiwe lililodondoshwa na barafu, au mlango wa chini haukufunga. Hata likifaulu, sentimita za juu huvurugika, hivyo chukua pia sampuli kwa mashine ya mirija mingi mifupi.

Sitahani, chora mshale wa "juu" kabla ya kukata vipande vya mita moja. Ziba, peleka kwenye chumba cha nyuzi 4 upesi. Tope likiganda, chembe za barafu huharibu matabaka.

Kwa umri, kaboni-14, kaboni yenye mnururisho inayotumika kupima umri, hudanganya: viumbe wa bahari ile, hata waliokufa karibuni, huonekana na zaidi ya miaka 1,000. Rekebisha hesabu, na kwa karne moja ya mwisho tumia risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho.