Kabla ya Kukunja Bomba la Fremu: Hesabu, Mzunguko na Mpangilio wa Mikunjo

Kukunja bomba mara moja hakumshindi mtu. Ukikosea nyuzi mbili unalirudisha kwenye mashine, ukikosea urefu unakata. Kazi hubadilika pale bomba moja linapotakiwa kuwa na mikunjo mitatu au minne, kila mmoja ukielekea upande wake, na miguu yote miwili ikanyage sakafu ya gari bila kulazimishwa. Kosa la mkunjo wa kwanza husafiri: nyuzi 1 tu ikizidi, ncha iliyo mita 1 mbele inahama karibu milimita 17. Samaki hukunjwa angali mbichi. Bomba nalo hupangwa lingali limenyooka.

Anza na bomba lenyewe, tena kwa vernia (kipimio cha kipenyo na unene) mkononi, usiamini lebo. Paipu ya maji ya "inchi moja na nusu" ina kipenyo cha nje cha milimita 48.3, wakati tyubu ya inchi moja na nusu ina milimita 38.1 kamili. Kalibu ya kukunjia iliyochongwa kwa ajili ya moja haitashika nyingine. Tyubu itachezacheza ndani ya mfereji wa kalibu na kubonyea. Pima pia unene wa ukuta wa bomba. Kama fremu ni ya gari la mashindano, soma kanuni kabla ya kununua chuma. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, kwa mfano, zinataka bomba likunjwe baridi, nusu kipenyo cha mkunjo kikipimwa kwenye mstari wa katikati kisipungue mara 3 ya kipenyo cha bomba, na likibonyea, kipenyo kifupi kisiwe chini ya 0.9 ya kile kirefu. Kwa bomba la milimita 45 maana yake ni kalibu ya milimita 135 au zaidi.

Halafu tafuta mshono. Bomba lililochomelewa kiwandani lina mstari wa mshono kwa urefu wake wote, wakati mwingine unauona kwa ndani tu. Mshono huo usikae upande wa nje wa mkunjo, ambako chuma kinavutwa, wala wa ndani, ambako kinasukumwa. Ukae ubavuni. Ila bomba likiwa na mikunjo miwili iliyopishana kwa nyuzi 90, ubavu wa mkunjo wa kwanza unakuwa mgongo au tumbo la mkunjo wa pili. Hapo mimi huuweka mshono kwenye nyuzi 45, usiwe pabaya kabisa popote.

Sasa mashine. Namba iliyogongwa kwenye kalibu, tuseme 150, ni nia ya aliyeichonga. Bomba lako linaweza kutoa jibu tofauti kidogo, kwa sababu chuma hujirudi kikiachiwa na mkunjo hufunguka. Kwa hiyo toa kafara kipande cha bomba lile lile, la shehena ile ile. Kata milimita 600 kamili, kikunje mpaka kipimapembe kisome nyuzi 90 baada ya kuachia, na uandike mashine ilifika ngapi ili kupata hizo 90. Kisha pima kila mguu, kutoka ncha yake hadi mahali mistari ya katikati ya miguu inapokutana, na ujumlishe. Jumla itazidi 600. Gawa ziada hiyo kwa 0.4292 na utapata nusu kipenyo halisi. Ziada ikiwa 64.4, kalibu inasema kweli, ni 150. Ikiwa 67, unakunja kwa 156, na hesabu zote zifuate 156. Rudia kwa nyuzi 30, maana kujirudi kwa pembe ndogo si sawa na kwa kubwa. Anayeona kipande hicho ni hasara hajawahi kutupa bomba la mita 3 lenye mikunjo minne.

Hesabu yenyewe ina vitu viwili tu. Urefu wa bomba linalomezwa na mkunjo ni nusu kipenyo mara nyuzi mara 0.01745. Na umbali kutoka kona ya mchoro, pale mistari ya katikati inapokutana, hadi mkunjo unapoanza ni nusu kipenyo mara tanjenti ya nusu ya pembe. Chukua tao la ulinzi nyuma ya viti, mikunjo miwili ya nyuzi 90, nusu kipenyo 150, upana wa milimita 1100 na kimo cha 1000, vyote vikipimwa katikati ya bomba. Kila mkunjo unameza 235.6. Kila kona inaondoa 150 kwenye kila mguu wake. Kwa hiyo mguu ulionyooka ni 850, juu kunabaki 800, na bomba zima ni 2971.2. Alama ya kwanza iko 850, ya pili 1885.6. Hapo ndipo wengi hujikwaa: hupima gari kwa nje na kuchora kwa katikati. Kwa bomba la milimita 45, upana wa nje wa tao hilo ni 1145, na kama nafasi kwenye bodi ni 1120, hesabu safi kabisa imekuletea tao lisiloingia.

Angalia pia kipande kilichonyooka kati ya mikunjo. Kibano cha mashine kinahitaji mahali pa kushika. Pima kibano chako, usikisie. Tuseme kinataka milimita 70, nawe unataka bomba lipande milimita 60 kwa mikunjo miwili ya nyuzi 30. Kati ya kona na kona ni 120, mikunjo inakula 80.4, kunabaki 39.6. Haiwezekani, na ni afadhali kujua ukiwa na penseli. Punguza pembe hadi nyuzi 20 na kipande kinakuwa 122.5. Bei yake ni kwamba mpando, kona hadi kona, unatanda kama milimita 61 zaidi kwa urefu wa gari.

Linaloharibu mabomba mengi kuliko yote, kwa macho yangu, ni mzunguko: bomba limegeuzwa kiasi gani kati ya mkunjo na mkunjo. Watu hupiga mistari ya kalamu mgongoni mwa bomba na kuifuata kwa jicho. Bomba la milimita 45 lina mzingo wa milimita 141, hivyo nyuzi 1 ni chini ya milimita 0.4. Mstari wa kalamu wenye unene wa milimita 1 tayari umebeba nyuzi 2 na nusu. Tengeneza kisahani cha kipenyo cha milimita 200 chenye alama za nyuzi ukingoni, ukifunge kwenye ncha ya bomba. Hapo nyuzi 1 ni karibu milimita 1.75, jicho linaiona. Au bandika kipimapembe cha kidijitali kwenye mguu uliokwisha kukunjwa, mradi mashine yenyewe imesawazishwa kwa pimamaji. Andika mwelekeo wa kugeuza pamoja na idadi ya nyuzi, na useme unatazama kutoka ncha ipi. "Nyuzi 35 kulia" bila kutaja ncha imezaa mabomba mengi ya upande wa kushoto.

Mpangilio wa mikunjo unauona vizuri kwa waya. Pinda waya mnene kwa umbo la bomba, kisha uigize kazi nzima mbele ya mashine: mguu uliokunjwa utapita wapi mashine ikizunguka? Utagonga sakafu, nguzo, ukuta, au jeki ya mashine yenyewe? Mara nyingine dawa ni kuanzia mkunjo wa kati na kuelekea nje. Lakini hapo ujue bomba litageuzwa ncha kwa ncha, na alama ya kuanzia mkunjo inakuwa ya kumalizia. Kwenye tao letu, ukikunja kona ya kwanza kutoka upande wa pili, mashine inatakiwa ikamate alama ya 1085.6, si 850. Chora alama zote mbili za kila mkunjo na mshale wa upande wa kuanzia. Ni dakika moja tu.

Vipimo vyote vitoke ncha moja, bila kuruka kutoka alama hadi alama, la sivyo makosa yanarithishana. Usikwaruze kwa kalamu ya chuma sehemu itakayovutwa.

Ukishakunja mara ya kwanza, simama. Laza bomba juu ya mchoro wa ukubwa kamili sakafuni. Likiwa nyuzi 88, lirudishe lingali kwenye alama. Likiwa 92, usiligonge kwa nyundo kulifungua. Rudi kwenye karatasi uone kama mikunjo iliyobaki inaweza kuchukua hizo mbili. Ndiyo maana miguu ya mwisho huachwa na ziada ya milimita 50 hadi 100 kila upande, na msumeno haugusi ncha mpaka bomba limesimama ndani ya gari, timazi imening'inia, na umeona mguu upi hasa ndio mrefu.