Kumpandisha Mtoto Mdogo Ndege Ndogo kwa Mara ya Kwanza

Mtoto aliyewahi kusafiri kwa ndege kubwa ya abiria bado ni mgeni kabisa kwenye ndege ya injini moja. Hapa injini iko mbele tu ya magoti ya rubani, kelele ndani hupita desibeli 85, na kila upepo unausikia mwilini. Mwongozo huu ni wa rubani mwenye leseni anayetaka kumpandisha mwanawe, au mtoto wa ndugu, wa miaka 2 hadi 7 hivi. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika chini, kabla injini haijawashwa.

Hatua ya 1: Masikio kwanza, nyumbani

Kinachowaliza wengi ni kelele, wala si kuwa juu. Tafuta kinga za masikio au hedseti ya saizi ya mtoto, na umvalishe siku kadhaa kabla: akichora, akitazama katuni, akila. Za watu wazima hazimfai. Utepe wa kichwani unapwaya na mito inaacha mwanya karibu na taya, na kelele inapenya hapohapo. Mtoto anayejua kuongea apewe yenye maikrofoni, ili akwambie anavyojisikia kabla hajaanza kulia.

Hatua ya 2: Mpeleke uwanjani siku ambayo hamruki

Mwache apande na kushuka, aketi, afunge na kufungua mkanda. Fanya ukaguzi wako wa kawaida naye akiwa pembeni. Wanachokipenda zaidi ni kuchota sampuli ya mafuta: petroli ya ndege ya aina ya 100LL ni ya buluu, na ukikiinua kikombe kwenye mwanga mtafute pamoja tone la maji lililotulia chini. Baada ya hapo nawisheni mikono, kwa sababu mafuta hayo yana madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Siku hiyo ndiyo ya kufundisha sheria ya pangaboi. Pangaboi halisogelewi, hata injini ikiwa imezimwa, maana magneto (kifaa kinachozalisha cheche za kuwasha mafuta kwenye injini) yenye hitilafu inaweza kutoa cheche pangaboi likizungushwa kwa mkono. Kwenye maegesho ya ndege mkono wa mtoto uko ndani ya mkono wa mtu mzima, na bawa hukaribiwa kutoka nyuma. Usimpandishe wala kumshusha injini ikiunguruma, hata ukiwa na haraka ya namna gani.

Hatua ya 3: Mtu mzima wa pili

Huwezi kurusha ndege na kulea kwa wakati mmoja. Mtu mzima mwingine akae nyuma pamoja na mtoto, akiwa na maji, taulo na mifuko ya kutapikia. Mtoto asikae mbele, kwa sababu usukani wa pili na pedali viko palepale anapofika kwa mikono na miguu.

Tumia kiti cha mtoto kilichoidhinishwa kwa ndege, na ukijaribu siku ile ya kutembelea uwanja, kwani si kila kiti kinakubaliana na mikanda ya ndege ndogo. Sheria za Marekani, kwa mfano, zinaruhusu mtoto asiyetimiza miaka 2 kupakatwa. Mimi sikubali. Ndege ikisimama ghafla, hakuna mikono itakayomzuia. Kisha ingiza vyote, kiti na mabegi pia, kwenye hesabu ya uzito na mizania.

Hatua ya 4: Chagua siku, na uwe tayari kuiacha

Ruka asubuhi na mapema. Jua likishachemsha ardhi, hewa ya moto inapanda na kuirusharusha ndege nyepesi. Mtoto mwenye mafua haruki, na hapo hakuna mjadala.

Usiwaalike babu na bibi waje kupiga picha, wala usitangaze saa. Mwambie mtoto mnakwenda kuiona ndege, na hali ya hewa ikikubali mtaruka. Ratiba ina nguvu kuliko wengi wetu tunavyokiri. Mwaka 1996 msichana wa Marekani wa miaka 7, Jessica Dubroff, alikuwa akivuka nchi yake kwa ndege ndogo huku vyombo vya habari vikimfuatilia. Tarehe 11 Aprili ndege hiyo ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kutoka Cheyenne, Wyoming. Alikufa pamoja na baba yake na mwalimu wa urubani. Wachunguzi walitaja uamuzi wa kupaa hali ya hewa ikiharibika, ndege ikiwa imezidi uzito, tena kwenye uwanja wa mwinuko mkubwa. Walitaja pia hamu ya kufuata ratiba iliyobana mno.

Hatua ya 5: Hewani

Choo kwanza. Kisha dakika 20, zisizidi. Mtajie kila sauti kabla haijaja: "Sasa nawasha, kiti kitatetemeka." Kubalianeni ishara ya ukimya: ukiinua mkono, hakuna anayeongea mpaka uushushe. Kona zako ziwe za mlalo mdogo, nyuzi 15 au 20. Mtoto atazame nje, mbali. Macho yakibaki kwenye simu, tumbo huchafuka haraka.

Weka kigunduzi cha monoksidi ya kaboni. Hita ya ndege nyingi za aina hii hupasha hewa kwa kuizungusha kwenye bomba la moshi, na ufa mdogo unatosha kuingiza gesi isiyo na rangi wala harufu. Watoto hupumua haraka kuliko sisi, kwa hiyo huathirika mapema.

Hatua ya 6: Kushuka

Hapa ndipo masikio huuma. Mkipanda, hewa ya sikio la kati hujitokea yenyewe. Mkishuka, mrija unaounganisha sikio na koo unahitaji kufunguliwa kwa kumeza, na wa mtoto ni mwembamba. Shuka futi 300 kwa dakika au pungufu. Ukiwa futi 2,500 juu ya uwanja na mzunguko wa kutua ni futi 1,000, unahitaji dakika 5, basi anza mapema. Mtoto awe macho, kwani aliyelala humeza mara chache. Mdogo anyonye, mkubwa anywe maji kwa mrija. Peremende ngumu acha, zinaweza kumkaba. Akishika sikio na kulia, acha kushuka, panda kidogo, subiri ameze, kisha ushuke polepole zaidi.

Hatua ya 7: Baada ya kutua

Zima injini, pangaboi lisimame kabisa, ndipo mlango ufunguliwe. Muulize ameona nini. Ukimuuliza kama aliogopa, unamfundisha jibu. Akisema hataki tena, rudini kwenye hatua ya 2 baada ya wiki kadhaa, bila kumbembeleza. Akitaka, safari ya pili iwe na mahali pa kufika, dakika 30 au 40, na nafasi ya kukimbia huko kabla ya kurudi. Kushika usukani kusubiri. Young Eagles, mpango ambao tangu 1992 umewarusha bure zaidi ya watoto milioni 2, unapokea wa miaka 8 hadi 17, na kwangu huo ndio umri wa kuanza kulizungumzia.