Kufika Uwanja wa Songwe bila kukimbizana na ndege

Mimi ni dereva teksi, kijiwe chetu kiko Mafiati, jijini Mbeya, na abiria wa Uwanja wa Ndege wa Songwe nawajua kwa jinsi wanavyokaa. Aliyejipanga anaegemea kiti na kupiga usingizi. Asiyejipanga anakaa ukingoni, mkono umeshika kiti cha mbele, na kila tukikwama nyuma ya lori ananiuliza, "Kaka, tutawahi?" Tukishafika Nzovwe swali hilo mimi sina jibu lake. Jibu lilikuwa kwake tangu jana jioni, alipokuwa anapanga saa ya kutoka nyumbani.

Basi tuanze na jina, maana linapoteza watu. Uwanja unaitwa Songwe lakini haupo Mkoa wa Songwe. Upo Mkoa wa Mbeya, Wilaya ya Mbeya, kilomita 20 na ushee kutoka katikati ya jiji, ukishika barabara kuu ya Zambia kuelekea Tunduma. Uwanja ndio uliotangulia: ndege za abiria zilianza kutua pale Desemba 2012, na mkoa ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa. Mgeni anayepanga safari kwa simu akiwa Arusha au Mwanza huona "Songwe" akatafuta gesti Vwawa, akidhani ataamka na kutembea hadi uwanjani. Vwawa ni mbali, kuelekea mpakani kabisa. Anayetaka kulala jirani na uwanja atafute Mbalizi au Ifisi.

Kosa la pili ni la wenyeji. Zamani ndege zilikuwa zinatua humu humu mjini, na wapo wanaoendelea kupaita pale Airport. Ukimwambia kijana wa bodaboda "nipeleke Airport" ukanyamaza, anaweza kukufikisha kwenye uwanja wa zamani, akakudai hela yake, na kwa haki kabisa. Sema "Airport ya Songwe". Neno moja zaidi halikugharimu kitu.

Saa ya tiketi

Hapa ndipo wengi wanapoumia, na wala si washamba. Tiketi haiandikwi kwa saa zetu. Ukiona 13:05, hiyo ni saa saba na dakika tano mchana. Ukiona 07:40, ni saa moja na dakika arobaini asubuhi, siyo saa saba. Toa sita kwenye namba ya kwanza, utapata saa ya Kiswahili; jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. Kama namba yenyewe haizidi sita, jumlisha sita.

Kuna mtego mkubwa zaidi kwa wanaounganisha ndege Dar kwenda nje. Ndege nyingi za nje huondoka usiku mkubwa. Tiketi ikisema tarehe 12, saa 00:40, hiyo ni saa sita na dakika arobaini ya usiku unaoanza jioni ya tarehe 11. Ukienda uwanjani jioni ya tarehe 12, ndege yako iliondoka usiku uliopita. Nikiona mama anapeleka mgonjwa India, hilo huwa namuuliza kabla hata sijawasha gari: "Mama, hebu nione hiyo tarehe."

Na ninyi wa mipakani, Tunduma na Kasumulu: Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikinasa mtandao wa ng'ambo ya mpaka hujibadilisha saa yenyewe, ukalala ukijua umetega kengele ya saa kumi alfajiri, kumbe italia saa kumi na moja za huku. Nenda kwenye mipangilio, zima saa ya kujibadilisha, au tegemea saa ya mkononi.

Barabara

Kilomita 20 na ushee kwingine ni nusu saa. Kwetu zinaweza kuwa dakika arobaini, zinaweza kuwa saa moja na nusu, na dereva anayekuapia vinginevyo anatafuta hela yako. Jiji la Mbeya limejipanga kandokando ya barabara moja, kuanzia Uyole hadi Iyunga na kuendelea, na barabara hiyo hiyo ndiyo inayobeba malori ya mzigo wa bandari ya Dar yanayokwenda Zambia na Kongo. Weka mabasi ya mikoani, daladala zinazosimama popote, bajaji, na watoto wa shule wanaovuka asubuhi. Halafu weka kazi ya kuipanua barabara kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29. Kazi nzuri, na sisi madereva tuliililia miaka. Lakini kazi ya namna hiyo huja na michepuko na vumbi, na mahali palipopitika asubuhi pakakutwa pamefungwa mchana.

Ukishapita Iyunga unakuja mteremko wa Iwambi kushuka Mbalizi. Hapo ndipo roho za abiria hubadilika. Malori yenye shehena yanashuka kwa gia ndogo, taratibu, na ndivyo yanavyotakiwa kushuka. Abiria anayeniambia "lipite hilo" simsikilizi. Pale wameshakufa watu wengi kwa magari yaliyofeli breki, na lori likilala katikati ya njia, pande zote mbili zinasimama hadi winchi ije. Siku kama hiyo hakuna ujanja. Aliyetoka mapema ndiye anayepanda ndege.

Kwa hiyo hesabu ninayowapa watu ni hii. Chukua saa ya ndege kuondoka, rudisha nyuma masaa mawili. Hiyo ndiyo saa ya kuwa mlangoni uwanjani, siyo ya kuwa Mbalizi. Kutoka hapo rudisha saa moja na nusu ya barabara kama ni mchana, au saa moja kama unatoka kabla hakujapambazuka. Ndege ya 13:05: mlangoni saa tano na dakika tano, Mafiati unaondoka saa tatu na nusu. Wa Uyole ongezeni nusu saa, maana ninyi jiji zima mnalipita. Ukifika mapema sana, utakaa. Kukaa hakujawahi kumuua mtu.

Teksi, daladala, bodaboda

Kwa mtu mwenye begi moja na ndege ya mchana, daladala inatosha kabisa, nasema hivyo ingawa ndiyo inayoninyang'anya abiria. Simama popote barabara kuu, panda inayoandikwa Mbalizi. Mbalizi shuka, tafuta gari za kuelekea Songwe, au Costa za Vwawa na Tunduma, zote zinapita mbele ya uwanja. Mwambie kondakta kabla hujakaa: "Nashuka Airport." Usiseme "nashuka Songwe," atakupitiliza hadi Songwe kwenyewe, uanze kurudi na begi kichwani. Ukishuka njia panda kuna kipande kidogo hadi jengo la abiria. Bodaboda wapo, na asiye na mzigo anatembea.

Ubaya wa Costa ni kwamba haiondoki hadi ijae, na hakuna mtu duniani anayejua itajaa lini. Muda wako uanze kuuhesabu gari inapoingia barabarani, siyo unapokaa kwenye kiti.

Bodaboda kutoka mjini hadi Songwe sishauri, na bajaji vilevile. Kupita kati ya malori kwenye ule mteremko ukiwa na sanduku mapajani, hapana. Kutoka Mbalizi, sawa.

Teksi mkubaliane bei usiku wake, kwa simu, na uulize kama bei ni ya gari zima au ya kichwa. Siandiki bei hapa kwa sababu mafuta yakipanda kesho nitaonekana mwongo. Kwa ndege ya alfajiri usitegemee kuokota gari barabarani: daladala hazijaanza, na baridi ya Mbeya ya Juni na Julai inawaweka hata madereva kitandani. Chukua namba za madereva wawili. Wa kwanza mpigie nusu saa kabla, asipopokea mara ya pili, mwite wa pili bila kuona haya. Sisi wenyewe tunaelewana.

Wanaotoka nje ya jiji

Wa Tunduma, Vwawa na Mlowo, uwanja mnaukuta kabla hamjafika Mbeya. Nimeshabeba watu waliotoka Tunduma wakaja hadi mjini, wakanikodi niwarudishe walikopita. Nilichukua hela, lakini sikufurahi sana.

Wa Tukuyu na Kyela, barabara yenu inatokea Uyole, kwa hiyo mna safari mbili: ya mlimani na ya jijini. Kule Isongole na Ntokela asubuhi ukungu unaweza kuwa mzito, dereva haoni mbele. Kama ndege ni ya asubuhi, lala Mbalizi. Wa Kyela hasa, msijaribu kutoka nyumbani usiku wa manane mkitegemea kuwahi ndege ya alfajiri.

Wa Chunya mnashuka mlima kuingia mjini, kisha mnashika barabara kuu kama sisi wengine. Wa Makambako na Njombe, Uyole ndiyo mlango wenu pia. Wa Iringa, kuja hadi huku kupanda ndege ya Dar ni kurudi nyuma. Mna uwanja wenu wa Nduli jirani na mji, na basi la Dar mnalo.

Ukungu wa Songwe

Uwanja huu ulishaimbwa kwa ubaya, na chanzo ni ukungu. Kwa miaka mingi haukuwa na taa za kuongozea ndege, kwa hiyo asubuhi ya masika ndege inatoka Dar, inafika juu yetu, inazunguka, inarudi ilikotoka. Abiria wa huku wanaisikia tu ikinguruma. Taa zimewekwa baadaye na hali imebadilika sana, ila taa hazifukuzi ukungu. Mwenye ndege ya kimataifa ya usiku Dar asikate tiketi ya Songwe ya siku ile ile asubuhi na kusema nina muda wa kutosha. Kuanzia Januari hadi Aprili ningekuwa mimi, ningeondoka siku moja kabla na kulala Dar.

Jambo dogo linalosaidia kuliko yote: namba ya simu kwenye tiketi iwe yako. Wengi wanakatiwa na wakala au na mtoto aliye chuoni, na namba inayoandikwa ni ya huyo. Ndege ikisogezwa mbele, ujumbe unakwenda kwake, yeye yuko darasani amezima simu, wewe uko Mafiati na viatu umeshavaa.

Mzigo

Mtu wa Mbeya hasafiri mikono mitupu, hilo linajulikana. Mchele wa Kyela, maharage, maparachichi, mkungu wa ndizi wa kumpelekea shangazi Tabata. Soma tiketi yako inaruhusu kilo ngapi, kisha pima nyumbani au omba mizani dukani, usingoje kuambiwa uwanjani, maana kule kila kilo ya ziada inalipiwa. Asali na mafuta ya kupikia weka kwenye begi la kukabidhi, vimefungwa vizuri, siyo la mkononi. Kisu cha kumenyea parachichi ndiyo kabisa. Kitambulisho kiwe kile halisi: cha taifa, pasipoti au leseni, na jina lifanane na la tiketi. Kama tiketi inasema Tumaini na kitambulisho kinasema Hope, lirekebishe mapema, siyo dirishani.

Ukifika Dar, au ukienda kwa basi

Ndege nyingi za ndani kule uwanja wa Julius Nyerere zinatumia Jengo la Pili. Za kimataifa zinaondokea Jengo la Tatu, lililofunguliwa mwaka 2019, na hayo ni majengo mawili tofauti. Usikae Jengo la Pili ukingoja kuitwa Dubai. Uliza ulipokabidhi mzigo kama utaukuta mwisho wa safari au unauchukua Dar na kuukabidhi upya, hilo linategemea tiketi zako zilivyokatwa.

Wanaokwenda Dar kwa basi, kilomita 800 na zaidi, wakapande ndege kule: basi linaishia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Dereva wa pale akikuzungusha kwa Ubungo na barabara ya Mandela jioni, utakula foleni. Mwulize kama anaweza kupita Malamba Mawili, Kinyerezi, Segerea, akatokea Banana. Pale Banana uwanja uko jirani. Na basi liwe la siku iliyotangulia, maana hamjui mlima wa Kitonga, kule Iringa, utawawekea nini.

Mwisho, wanaokuja Songwe kupokea wageni. Uwanja uko chini kuliko mji, kwa hiyo mgeni wa Dar anatoka nje anakuta jua zuri, anasema mbona mlinitisha na baridi. Mwambie asilitupe sweta kwenye buti. Tukianza kupanda Iwambi jioni, atalitaka.