Bendera ya Kongo: namna ninavyoishona Kamalondo

Mwaka juzi alikuja kwangu binti mmoja kutoka Brussels, yuko likizo kwa bibi yake hapa Lubumbashi, mji ambao Kamalondo ni mtaa wake. Akatoa kwenye begi bendera aliyoinunua kule: kitambaa laini kama mfuko wa plastiki, rangi zimechapwa upande mmoja, na utepe mwekundu unashuka badala ya kupanda. "Mama fundi, nilienda nayo kwenye mpira, mzee mmoja akanicheka." Nikamvutia kiti. Niliyomwonyesha siku ile ndiyo haya.

Kabla ya mkasi, soma. Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2006 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kinasema: bendera ya samawati, nyota ya njano pembe ya juu kushoto, utepe mwekundu wa mshazari uliozungushwa njano kidogo. Sentimita hakitaji. Mimi nashona 90 kwa 120, maana mshazari wake unatoka 150 kamili na huna haja ya kubahatisha.

Kitambaa chetu kinatoka China, kinashuka Dar es Salaam, kinapita Zambia, kinaingilia Kasumbalesa, mpakani. Ndiyo, bendera ya taifa imetembea kuliko mimi. Chukua tetroni, kile kitambaa cha poliesta, siyo satini. Rangi usiichague chini ya taa ya duka: toka nayo juani. Muuzaji atakupa bulu nzito akuambie ni ileile. Siyo. Hiyo ikae kwa bendera ya 1960, yenye nyota kubwa katikati na sita ndogo kandokando ya mlingoti, moja kwa kila jimbo la wakati ule.

Sasa kazi yenyewe. Wengi hubandika utepe juu ya samawati, ndiyo maana nyuma hauonekani. Usibandike, kata. Chukua samawati ya 94 kwa 124 (zile 2 za kila upande ni za pindo), chora kwa chaki mstatili wa 90 kwa 120 ndani yake. Piga mshazari kutoka chini, upande wa mlingoti, hadi juu, upande unaopepea. Pima sentimita 10 na nusu kila upande wa mshazari huo, kata hapo. Umebaki na pembetatu mbili.

Nyekundu ikate upana wa 21, njano mbili za 6, zote urefu wa 160. Zikate kwa kufuata uzi wa kitambaa, tafadhali. Ukingo wa pembetatu umekatwa kimshazari, kwa hiyo unavutika kama mpira; utepe ulionyooka ndio utakaoushika. Piga bandi, yaani ushonaji wa muda, kwa mkono kwanza, mshono wote, hata kama umeme upo na mashini inakuita. Mimi nililiruka hilo mara moja, bendera ikatoka na tumbo. Kisha shona sentimita 1 na nusu kutoka ukingoni, njano kati ya nyekundu na samawati, na ulaze mshono kama ule wa mguu wa jinzi, usiache uzi wa kuchomoza upande wowote.

Nyota: mduara wa nusu kipenyo 12 juu ya karatasi, weka alama kila sentimita 14 na ushee, zitatoka tano. Unganisha kila alama na ile ya pili yake, ukiruka moja katikati. Kata nyota mbili, si moja. Ya mbele ikishakaa, choma pini kwenye ncha zake tano, geuza, na ya nyuma ifuate pini hizo. Mwaka mmoja nilishona ishirini za 30 Juni, sikukuu ya uhuru, nikaziweka nyota za nyuma upande unaopepea. Nilifumua usiku kucha kwa mshumaa. Nyota inakaa na mlingoti, utazame kutoka wapi.

Baba yangu, aliyenifundisha, aliacha sanduku la mifano ya karatasi: mwenge wa 1971, nchi ilipoitwa Zaire, zile nyota sita zilizorudi 1997, na chini kabisa misalaba mitatu ya shaba ya Katanga, jimbo letu lilipojitenga, ya 1960 hadi 1963. Alizishona zote. Ukimuuliza ipi yake, alikuwa anauliza mteja atakuja saa ngapi.

Pindo mwisho, na mara mbili upande unaopepea, huko ndiko upepo unakokula.

Binti alishona bandi mwenyewe, vidole vikatoka damu kidogo, akacheka. Akaniuliza mbona hapa anaitwa mgeni na kule anaitwa Mkongo. Sikuwa na jibu, nilikuwa na pasi mkononi. Ana pasipoti ya Ubelgiji, na kifungu cha 10 cha Katiba hiyohiyo kinasema uraia wa Kongo hauchanganyiki na mwingine. Tulikunja bendera, nyota juu, akaiweka begini mbiombio: viza yake ilikuwa imebaki siku tatu.